KUKU WETU NA UNGA WA DUKANI

Katika safari zetu za matawi tumeona jambo ambalo hatuwezi kulinyamazia. Karibu kila banda tulilochungulia lilikuwa na chombo cha maji ya njano. Ni unga wa oksitetrasaiklini, unaouzwa madukani kwa pakiti. Kuku akikohoa anatiliwa, akiharisha anatiliwa, na hata akiwa mzima anatiliwa, ati asije akaugua.

Hatumlaumu mama mwenye banda. Mayai yake ndiyo madaftari na sare za watoto, na mwenye duka amemwambia dawa ni hiyo hiyo kwa kila ugonjwa. Hapo ndipo alipodanganywa. Kideri, ambacho wengine huita mdondo, ndicho hasa kinachomaliza kuku wa vijijini, nacho huletwa na virusi. Unga ule haukiwezi hata ukimiminwa gunia zima. Kinga yake ni chanjo, kama ile ya tone la jicho iitwayo I-2.

Magonjwa ya bakteria ni mengine: homa ya matumbo ya kuku, kipindupindu cha kuku, mafua ya kuku. Hayo dawa huyaweza, ikitolewa kwa kipimo na kwa siku zilizowekwa. Lakini bakteria wanaoonjeshwa dawa kidogo kidogo kila siku huizoea, na wakisha kuizoea hawaishii bandani. Dawa za ukoo huo huo wa tetrasaiklini hupewa binadamu mwenye kipindupindu. Tukiokoa kuku watatu leo, na kesho mtoto akakosa dawa ya kumponya, hiyo ni biashara gani? Sweden ilipiga marufuku mwaka 1986 kuwalisha mifugo dawa hizi kwa ajili ya kuwanenepesha, na Umoja wa Ulaya mzima ukafuata tarehe 1 Januari, 2006.

Wazee wetu walikuwa na shubiri mwitu. Jani hukatwa, na utomvu wake mchungu hutiwa katika maji ya kunywa. Sisi tuliopita vyuoni tulizoea kuyacheka mambo haya. Lakini mwaka 2002 watafiti walichapisha majaribio waliyofanya Tanzania kwa kuku wa kienyeji walioambukizwa homa ya matumbo kwa makusudi, na shubiri ikaonekana kupunguza makali ya ugonjwa. Kitunguu saumu nacho kikipondwa hutoa kitu kiitwacho alisini, ambacho huua bakteria maabara. Tena huko Finland, mwaka 1973, Nurmi na Rantala walionyesha kwamba vifaranga wakipewa bakteria wema waliotoka katika matumbo ya kuku wakubwa wazima, Salmonella hukosa pa kukaa. Kifaranga anayedonoa uani na mamaye huwapata bakteria hao bure. Wa mashine hana mama.

Hata hivyo tusidanganyane kwa upande wa pili. Si kila kichungu ni dawa. Shubiri haina kipimo kilichokubaliwa. Jani moja ni kali, jingine jepesi. Wala haitoi hakika ya kumsafisha kuku aliyepona homa ya matumbo. Huyo aweza kubaki na vijidudu na kuvipitisha katika yai, basi mayai yake yasiatamiwe. Kuku wakianza kufa kwa wingi, aitwe Bwana Mifugo upesi, na majani yaachwe kwanza. Mitishamba ni msaidizi tu wa matandiko makavu, chombo kinachooshwa kila siku, na kuku mgeni kutengwa majuma mawili kabla ya kuchanganywa na wengine.

Tunataka kila tawi limwalike Bwana Mifugo, lipange siku ya kuchanja kuku wa kijiji kizima, na siku hiyo hiyo aeleze ni ugonjwa gani unaohitaji unga na kwa siku ngapi mayai yasiliwe wala kuuzwa baada ya dawa. Wenyeviti waanze na mabanda yao. Tumeyaona ya baadhi yao, na kwa sasa hatutawataja.