JKU, JKT na foleni ya ajira za vikosi: asiyechaguliwa anatoka na nini?

Tangazo la ajira za vikosi likitoka Zanzibar, halina haja ya kurudiwa. Muda si mrefu limeshazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na vijana wameanza kupanga foleni kwa sheha kutafuta barua. Wazazi nao wanaulizana nani anamjua nani.

Ndani ya matangazo ya namna hiyo, ya SMZ na ya Muungano, kuna swali linalorudi mara kwa mara: umepitia JKU au JKT? Aliyepitia anahesabu ana mguu mmoja ndani. Ambaye hajapitia anaanza kufikiria kwenda kujitolea, ili safari ijayo asikose.

Hapo ndipo penye jambo la kutazamwa. Zanzibar inazungumza sana kuhusu wanaochaguliwa. Wanaotoka kambini bila kuchaguliwa hawasemwi.

Kwa nini vikosi

Zanzibar ina vikosi vyake mbali na JWTZ na Polisi, ambavyo ni vya Muungano. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 121, inavitaja kama Idara Maalum za SMZ: Jeshi la Kujenga Uchumi (JKU), Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo (KMKM) na Chuo cha Mafunzo, yaani magereza. Valantia (KVZ) na Zimamoto wamo pia kwenye kundi hilo. Kwa visiwa ambavyo sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773, vikosi vitano ni vingi, na vyote viko karibu na watu. Makao makuu ya JKU yako Saateni, KMKM wako Kibweni, Mafunzo wako Kilimani. Kijana wa Ng'ambo anapita hapo na daladala kila siku.

Anachokiona si bunduki. Anaona mshahara unaoingia mwisho wa mwezi, mvua ije au isije. Anaona michango ya ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii ulioanzishwa kwa sheria ya 1998, na kiinua mgongo mwisho wa safari. Anaona pia matibabu, maana Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar ulipoanza 2023, watumishi wa serikali ndio waliotangulia kuingizwa.

Sasa mlinganishe na mwenzake aliyepata kazi hotelini Nungwi au Kiwengwa. Msimu ukiwa mzuri, huyo wa hoteli anaweza kumpita askari kwa bahshishi peke yake. Lakini mwaka 2020, ndege zilipoacha kuja kwa sababu ya korona, hoteli zilifunga na wafanyakazi wakarudi nyumbani. Askari aliendelea kulipwa. Somo lile halijasahaulika.

Na asiye na ajira rasmi kabisa, uzeeni kilichopo ni Pensheni Jamii, inayoanzia miaka 70. Ilipoanza Aprili 2016 ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadae ikapandishwa hadi 50,000. Si haba, nchi nyingi za jirani hazina hata hiyo. Ila huwezi kumwambia kijana wa miaka 20 ajipange nayo.

Hata mpira unasema hayo hayo. Tazama majina ya timu za Ligi Kuu ya Zanzibar: KMKM, JKU, KVZ, Mafunzo, Zimamoto, na Kipanga ya JWTZ. Klabu ya mtaani inampa mchezaji posho na ahadi. Timu ya kikosi inaweza kumpa namba ya utumishi. Goti likiumia, bado ana kazi. Mlandege wanajitahidi, lakini wanashindana na mwajiri, si na timu tu.

Kambini

JKU ilianzishwa 1977, na jina lake linajieleza: kujenga uchumi. Kambi zake zinalima, zinafuga na zinafundisha ufundi. JKT ya Muungano ni ya zamani zaidi, ilianza Julai 1963, nayo huchukua vijana wa Zanzibar kupitia mikoa na wilaya. Wako wanaoingia kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita, na wako wa kujitolea, ambao mkataba wao ni miaka miwili.

Kwa wa kujitolea, masharti yako wazi kuliko watu wanavyopenda kukubali. JKT hueleza kwenye matangazo yake kwamba haitoi ajira wala haiwatafutii vijana ajira kwenye vyombo vya ulinzi au kwengineko, bali inawapa mafunzo ya kuwawezesha kujiajiri wakimaliza mkataba. Imeandikwa, tena kwa Kiswahili kisicho na fumbo.

Lakini kijana hasomi tangazo peke yake. Anasoma pia kinachotokea. Anaona wenzake wakichukuliwa kutoka kambini kwenda jeshini, polisi, uhamiaji. Anasikia viongozi wakisema ajira za vyombo vya ulinzi zitoke makambini. Kwa hiyo karatasi inasema hakuna ahadi, na mwenendo unasema ahadi ipo. Kati ya viwili hivyo, kila mtu anaamini mwenendo.

Gharama ya utata huo ilionekana Aprili 2021. Aliyekuwa Mkuu wa Majeshi, Jenerali Venance Mabeyo, alitangaza kwamba vijana 854 wa JKT wamesitishiwa mikataba baada ya kugoma na kutaka kwenda Ikulu ya Chamwino kudai ajira. Walikuwa wamefanya kazi kwenye miradi ya ujenzi ya serikali na waliamini Rais John Magufuli, aliyefariki mwezi mmoja kabla, aliwaahidi kuingia jeshini. Kijeshi, mgomo ni uasi, na hakuna jeshi duniani linaloulea. Baadae walipata msamaha wa Rais Samia Suluhu Hassan. Ila tukio lenyewe lilionesha kitu: ahadi ya mdomo ilikuwa imegeuka kuwa mshahara wa kazi ile. Mtu alibeba zege akihesabu anajenga ajira yake.

Na wakati huo wote umri unakwenda. Matangazo ya jeshi yana kikomo cha umri, na wa kidato cha nne ndio wenye kikomo cha chini. Anayeingia kambini na miaka 21, akatumikia, akarudi nyumbani kusubiri tangazo moja na jengine, anaweza kujikuta amepitwa bila kukosea lolote. Nidhamu anayo, gwaride analijua, kulima amelima. Akiingia ofisi ya mwajiri wa Mjini Mkongwe anaulizwa: una cheti gani?

Cheti

Hili la cheti ndilo zito kuliko yote, na ndilo rahisi kutengenezwa.

Mfano maarufu ni wa Marekani. Mwaka 1944 Rais Roosevelt alisaini sheria ya kuwasaidia askari waliorudi kutoka vitani, ijulikanayo kama GI Bill. Hadi 1956, wanajeshi wa zamani milioni 7.8 walikuwa wameitumia kusoma. Watu wakiisikia wanafikiri habari ya vyuo vikuu. Kumbe waliokwenda vyuo vikuu walikuwa milioni 2.2 tu, wengine milioni 5.6 walisomea ufundi na mafunzo ya kazi. (Wanajeshi weusi wengi walinyimwa haki hiyo kwa ubaguzi, hilo nalo lisisahaulike.) La msingi ni kwamba haki ile ilitolewa kwa anayetoka. Jeshi lilikuwa halimuhitaji tena, na hapo ndipo alipolipwa.

Hapa kwetu mambo yako kinyume. Faida kubwa ziko kwa anayebaki ndani: mshahara, pensheni, matibabu, ruhusa ya masomo. Anayetoka anashukuriwa.

Hakuna anayeitaka Zanzibar iwe na bajeti ya Marekani. Kenya iko jirani. NYS yao, iliyoanzishwa 1964, inampitisha kijana kwenye mafunzo ya kijeshi, kisha kazi za ujenzi wa taifa, halafu vyuo vya ufundi vya NYS yenyewe. NYS imekuwa na kashfa zake kubwa za fedha na si ya kuigwa kila kitu. Lakini mpangilio ule una akili: kazi ya mikono kwanza, ufundi wenye cheti baadae, na cheti hakitegemei kama polisi watakuchukua.

Hata ndani ya Tanzania njia imeshaoneshwa, kwa maofisa. Chuo cha Kijeshi Monduli kinashirikiana na Chuo cha Uhasibu Arusha kutoa shahada ya sayansi ya kijeshi. Yaani mafunzo ya kambini yamegeuzwa karatasi ambayo hata raia anaielewa. Kama limewezekana kwa ofisa, kwa kijana aliyechunga ng'ombe wa JKU au kupiga plasta majengo ya serikali haliwezi kuwa muujiza.

Zanzibar ina Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, ambayo kazi yake ndiyo hiyo: kusimamia na kupima ufundi. Kijana akifundishwa uashi, umeme, ushonaji au ufugaji ndani ya kambi, apimwe kwa vigezo vile vile vya vituo vya amali na atoke na cheti kile kile. Jengo lipo, walimu wapo, vijana wako kambini tayari. Hotelini kwenyewe wanatafutwa mafundi wa viyoyozi na mabomba, na mara nyingi wanatoka ng'ambo ya bahari.

Kuna watu wengine husahaulika kwenye mjadala huu: raia wanaofanya kazi ndani ya vikosi. Karani, mpishi, muuguzi, mwalimu. Hawavai kombati, hawapigi saluti, lakini bila wao kambi haiendi. Mazungumzo ya maslahi ya vikosi huanzia kwenye vyeo, nao hawana vyeo. Mpishi wa miaka 15 kambini asiye na cheti cha upishi yuko kwenye shida ile ile ya kijana wa kujitolea, tofauti yake ni kwamba yeye analipwa.

Lipo pia la siasa, na kulinyamazia ni kujidanganya. Upinzani Zanzibar, tangu enzi za CUF hadi ACT-Wazalendo, umelalamikia nafasi za vikosi kutolewa kwa kuangalia chama, na vikosi vyenyewe kutumika wakati wa uchaguzi. Serikali imekuwa ikikanusha. Maadamu nafasi ni chache na faida yote iko ndani, malalamiko hayo hayaishi, hata kama kila usaili ungekuwa safi kama maji. Faida ikisambaa mpaka kwa asiyechaguliwa, angalau kitu cha kugombania kinapungua.

Rais Hussein Mwinyi anayajua haya kwa karibu, kwani aliwahi kuwa waziri wa ulinzi na JKT wa Muungano kabla ya kuingia Ikulu ya Zanzibar mwishoni mwa 2020. Idara Maalum ziko chini ya Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa, na makadirio yake hufikishwa Baraza la Wawakilishi, Chukwani, kila mwaka. Mwakilishi anayetaka kuwasaidia vijana wa jimbo lake ana maswali mawili ya kuuliza pale. Mwaka jana wametoka vijana wangapi JKU bila kuajiriwa? Na wangapi kati yao wametoka na cheti cha amali mkononi?