Mpangaji Asiye na Mkataba



Wapendwa waamini, juma hili tunakusudia kupinga hoja moja inayozidi kupata watetezi miongoni mwetu, na ambayo imekwisha kufika mezani pa Halmashauri ya Walei. Hoja yenyewe ni kwamba parokia haina haja tena ya kulipia tovuti yake, kwa kuwa watu wote wako Facebook na WhatsApp. Matangazo, ratiba za Misa, picha za sherehe na nyimbo za kwaya viwekwe huko, ambako ni bure, na fedha itakayookolewa ipelekwe kwenye mahitaji mengine. Wanaoitetea hoja hiyo ni watu wema wanaoipenda parokia yao. Pamoja na hayo, hatuna budi kusema wazi kwamba wamekosea, na kwamba hasara ya kosa hilo itawaangukia hasa wale watakaokuja baada yetu.

Kwanza, tulipime hilo neno bure. Facebook ilianzishwa mwaka 2004. Mwaka 2012 kampuni hiyo iliinunua Instagram kwa dola za Marekani bilioni 1, na mwaka 2014 ikainunua WhatsApp kwa dola bilioni 19 hivi. Hakuna mfanyabiashara atoaye fedha za namna hiyo ili agawe sadaka. Kampuni hiyo, ambayo tangu 2021 inaitwa Meta, hupata zaidi ya asilimia 95 ya mapato yake kutokana na matangazo ya biashara. Kinachouzwa humo ni muda wetu wa kutazama, pamoja na habari zetu zinazomwezesha mtangazaji kutulenga. Ndiyo maana jumuiya ikiweka tangazo katika ukurasa wake wa Facebook, tangazo hilo halionyeshwi kwa wafuasi wake wote. Programu ya kampuni ndiyo inayochagua nani aone nini na lini, kwa kupima ni kipi kitamfanya mtu asiondoke. Na mwenye ukurasa anayetaka kuwafikia wengi zaidi hualikwa kulipa. Hivyo tangazo la mazishi ya Jumanne hushindanishwa na vichekesho, na wako wanaoliona siku ya Alhamisi.

Pili, tutazame hali ya mtu akaaye humo. Mpangaji wa chumba mjini ana mkataba, ana haki ya kupewa notisi, na akidhulumiwa anaweza kupeleka shauri lake Baraza la Ardhi na Nyumba. Mkaaji wa mitandao hiyo hubonyeza neno "nakubali" chini ya masharti marefu yaliyoandikwa na upande mmoja tu, na upande huohuo ndio mwamuzi wa kila ugomvi. Waulizeni wanakwaya wetu. Miaka mitatu iliyopita mwizi aliiba nywila ya ukurasa wao katika mtandao mmoja wa kijamii, akautumia kutangaza mikopo ya kitapeli, na kampuni ikaufunga. Waliandika mara nyingi kuomba msaada. Walijibiwa na mashine. Humo mlikuwa na nyimbo za miaka tisa, na rekodi pekee zilizokuwapo za mwalimu wao, ambaye sasa ni marehemu, akiwafundisha sauti ya nne. Wajukuu wake hawataisikia sauti hiyo. Hakuna aliyekusudia kuwatendea ubaya. Palikosekana tu mtu yeyote mwenye wajibu kwao.

Asidhani mtu kwamba ukubwa wa kampuni ni kinga. GeoCities, iliyobeba kurasa za mamilioni ya watu, ilinunuliwa na Yahoo mwaka 1999 na kufungwa Oktoba 2009. Mwaka 2019 Myspace ilikiri kwamba nyimbo zilizowekwa humo kati ya 2003 na 2015 zilipotea wakati wa kuhamisha seva. Mwaka huohuo Google iliifunga Google+, iliyokuwa imeifungua 2011. Twitter ilinunuliwa na Elon Musk Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, na haukupita mwaka masharti yake, bei zake na hata jina lake vikabadilika. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja, duniani kote, kwa muda wa saa sita hivi, kwa hitilafu iliyotokea ndani ya kampuni moja. Nchini Uganda, Januari 2021, intaneti ilizimwa wakati wa uchaguzi. Iliporudishwa, Facebook ilibaki imefungwa, na aliyekuwa na duka lake humo peke yake akakosa mlango. Hapa Tanzania mtandao wa X ulifungwa Mei 2025. Hatuingii katika sababu za kila tukio. Tunachosema ni kwamba mwenye kuweka vyote mahali pamoja, mahali ambapo si pake, siku mlango ukifungwa hubaki mikono mitupu.

Tatu, wako wanaosema kwamba ndivyo teknolojia ilivyo na kwamba hakuna njia nyingine. Hilo si kweli. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya CERN karibu na Geneva, alipendekeza wavuti mwaka 1989. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba mtu yeyote ruksa kuitumia na kuiendeleza, bila malipo na bila kuomba idhini. Baruapepe nayo haina mwenyewe mmoja: aliyeandikishwa kwa mtoa huduma huyu humwandikia wa yule, na barua hufika. Kuta tunazoziona leo zilijengwa baadaye, na zilijengwa kwa sababu zina faida kwa mjenzi.

Tena sisi Watanzania tunao ushahidi wetu wenyewe kwamba kuta hubomoka. Tunakumbuka siku ambazo pesa ya mtandao mmoja wa simu haikuingia kwenye akaunti ya mtandao mwingine, na mtu alitembea na laini mbili au tatu. Mwaka 2014 Airtel, Tigo na Zantel zilikubaliana kupokeleana pesa, na mwaka 2016 Vodacom ikaingia. Tigo sasa inaitwa Yas, lakini makubaliano yale yamebaki, na mama muuza mboga hamuulizi mteja tena yuko mtandao gani. Biashara haikufa, ilikua. Jambo lililowezekana kwa shilingi linawezekana kwa maneno. Umoja wa Ulaya umekwisha kulifanya kuwa sheria: tangu Machi 2024 kampuni kubwa za ujumbe zinatakiwa kuwafungulia milango watoa huduma wengine wanaoomba kuunganishwa.

Hata mitandao ya kijamii ya namna hiyo ipo. Eugen Rochko, mtengenezaji programu aishiye Ujerumani, alitoa Mastodon mwaka 2016. Na Januari 2018 W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, liliidhinisha kanuni iitwayo ActivityPub, ambayo kwayo seva za watu mbalimbali huzungumza kama zilivyo seva za baruapepe. Kila seva ina kiongozi wake na taratibu zake, lakini aliyeko kwenye hii humsoma na kumjibu aliyeko kwenye ile. Hatusemi kwamba huko ni peponi. Seva nyingi hutunzwa na watu wanaojitolea, nao huchoka. Hata Mozilla, shirika lenye uwezo, lilifunga seva yake Desemba 2024. Uongo na matusi nako huingia. Tofauti ni hii: seva ikitangaza kufunga, mtu anaweza kuhamia nyingine na wafuasi wake wakamfuata, ingawa maandishi yake ya zamani hayahami pamoja naye. Anayeondoka Facebook huwaacha nyuma watu wake wote.

Sasa tuzijibu hoja zilizobaki.

"Watu wote wako huko." Si wote. Wapo wazee wenye simu ya tochi, na wapo vijana waliokwisha kuhama. Tovuti humfungulia mtu yeyote, kwa simu yoyote yenye intaneti, bila kumtaka ajiandikishe wala atoe namba yake. Mjukuu humfungulia bibi ratiba ya Misa bila bibi kuwa na akaunti. Lakini hata kama wangekuwa huko wote, hiyo ni sababu ya kwenda kuwasalimu huko, si sababu ya kuhamishia huko kabati la ofisi.

"Ni gharama." Jina la tovuti na nafasi ya kuihifadhi kwa mwaka mzima, kwa parokia yetu, ni chini ya gharama ya maua ya harusi moja. Tumeyaona maua hayo. Jumatatu huwa yamenyauka.

"Sheria ni ngumu." Hapa tunakubali kwamba lipo jiwe la kweli njiani. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu kulipia leseni kwa kiasi kilichozidi shilingi milioni 2 kwa mwaka wa kwanza, na wengi walioandika kwa Kiswahili bila kulipwa na mtu wakaweka kalamu chini. Kanuni hizo zimerekebishwa baadaye zaidi ya mara moja. Tutii sheria, na tuwaulize wataalamu inatutaka nini. Lakini tusikubali kwamba mwananchi aseme tu ndani ya nyumba za matajiri wa California kwa kuwa kujenga kibanda chake kumefanywa kuwa kugumu.

Kwa nini jambo hili liwe letu? Kwa sababu Kanisa linajua thamani ya kutunza kumbukumbu kwa mkono wake lenyewe. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento uliagiza kila paroko awe na kitabu cha ndoa na akitunze kwake kwa uangalifu. Hadi leo, mtu aliyeondoka hapa miaka arobaini iliyopita akija kutafuta jina lake katika rejesta ya ubatizo, hulikuta. Fikirini kama watangulizi wetu wangesema: "Duka la pale sokoni lina rafu nzuri, na watu wote hupita pale, tuziache rejesta kwa mwenye duka, hatozi kitu." Duka lile limebadili wenyewe mara ngapi? Nyimbo zetu, historia za jumuiya zetu, hotuba za wazee wetu na picha za waliojenga kanisa hili kwa kubeba mawe kichwani navyo ni kumbukumbu. Vimeandikwa kwa Kiswahili, na hakuna mtu wa mbali atakayevitunza kwa niaba yetu.

Basi tunapendekeza yafuatayo. Mosi, tovuti ilipiwe, na jina lake liandikishwe kwa jina la parokia, lisiwe la kijana mmoja ambaye kesho atahamia Mwanza na nywila kichwani. Pili, kila kitu kiwekwe kwanza kwetu, kisha kiungo chake kipelekwe Facebook na WhatsApp. Njia hii ndiyo wanayoihimiza watetezi wa wavuti huru, waliokutana kwa mara ya kwanza Portland, Marekani, mwaka 2011. Tatu, matangazo yaandikwe kwa maandishi, yasiwe picha ya karatasi, ili yaweze kutafutwa na kusomeka kwa bando dogo. Nne, kila kwaya na kila jumuiya iwe na nakala ya nyimbo na picha zake ofisini, katika diski mbili zilizowekwa mahali pawili tofauti.

Hatumkatazi mtu Facebook. Nendeni, salimianeni, pongezaneni kwa harusi, pelekeaneni pole. Sokoni huenda kila mtu. Ila jioni mtu hurudi kwake, na parokia isiyo na kwake mtandaoni haitakuwa na mahali pa kurudi.

Halmashauri itaketi Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili, na tarehe ya kulipia tovuti ni mwisho wa mwezi huu. Tunawaomba wajumbe wasipige kura kwa kuutazama mwaka huu tu.