Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Serikali, Kampala

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Walukuba, mtaa wa nyumba zilizojengwa zama za mkoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya Jinja, ambamo hata leo Msoga, Mjaluo, Mgisu na Mkongomani hukaa ukuta kwa ukuta na kuelewana kwa Kiswahili; na haja yangu ni kukuarifu habari ya vijana wetu wanaokiri makosa madogo mbele ya hakimu ili warudi kwao siku ile ile, pasi na kujua kwamba wameingia katika daftari la jinai.

Kijana mmoja jirani yangu, mkaanga chapati, alikamatwa usiku akiwa anazima sigiri yake, akalazwa korokoroni pamoja na wengine waliozolewa njiani, kisha akafikishwa kizimbani. Karatasi ya mashtaka ilisomwa kwa Kiingereza, karani akaifasiri kwa pupa, na kijana, ambaye mahabusu mwenzake alikwisha kumnong'oneza kwamba anayekana hupelekwa rumande katika gereza la Kirinya na anayekiri hutozwa faini akaenda zake, akakiri. Nduguze wakachanga faini, na jioni sigiri ikawaka tena. Baadaye alipata wakala wa kumpeleka Ghuba kufanya kazi ya ulinzi, akaenda Kampala kuomba cheti cha tabia njema katika ofisi ya Interpol ya polisi, vidole vyake kumi vikachukuliwa alama kimoja kimoja, na jibu lilipotoka lilikuwa na hukumu ile ambayo yeye aliihesabu kuwa imekwisha siku alipolipa. Wakala akamrudishia pasipoti yake bila ya kumwuliza lolote.

Sheria za uzururaji zinazowanasa vijana wa namna hii zimo katika Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1950, na asili yake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1824 iliyotungwa dhidi ya mafukara wa huko. Na wazee wetu, waliokwisha kuonja misako iliyoitwa "panda gari" ya mwanzo wa miaka ya 1980, hawahitaji kuelezwa maana ya kukamatwa makundi kwa makundi. Namshukuru Mungu kwamba mwezi wa Disemba 2022, katika shauri la Francis Tumwesige Ateenyi, Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vilivyoruhusu mtu kushtakiwa kwa sababu tu ametuhumiwa na haonekani kuwa na njia ya kujikimu, au amekutwa akitembea mahali na wakati wa kutiliwa shaka. Lakini waliotiwa hatiani kwa vifungu hivyo kabla ya siku ile, ni nani atakayewafutia?

Watu wetu, Mheshimiwa, hawajui hukumu ni nini. Hudhani kwamba aliyelipa faini hakuhukumiwa, na kwamba aliyepewa kazi ya jamii kwa Sheria ya mwaka 2000, akafagia ua wa zahanati badala ya kufungwa, amesamehewa; na hata wanaoafikiana na waendesha mashtaka kwa kanuni za mwaka 2016 hurudi wakisema kesi imekwisha kwa suluhu, ilhali wote hao wamekwisha kutiwa hatiani. Kadhalika hawajui kwamba bondi ya polisi haina malipo, kwamba hawapaswi kuwekwa zaidi ya saa 48 bila ya kufikishwa mahakamani, wala kwamba Katiba imewapa mkalimani bila ya gharama na muda wa kutosha wa kujitayarisha. Na anayewajibika kuwaambia hayo ni nani, maadamu wakili wa gharama ya serikali huwekewa yule tu anayekabiliwa na kifo au kifungo cha maisha? Mkaanga chapati husimama peke yake, na hapo ndipo insafu inapopungua, kwa kuwa neno lake moja la kukiri hutosha kumtia hatiani bila shahidi hata mmoja kusema kitu.

Ibara ya 120 ya Katiba imekupa uwezo wa kusimamisha mashtaka, na imekuamuru uangalie maslahi ya umma na kuzuia sheria isitumiwe vibaya. Kwa dhima hiyo nakuomba uwaagize waendesha mashtaka wako wa Jinja wasiipeleke kesi ya uzururaji au ya ugomvi wa majirani mbele ya hakimu kabla ya kuipima kama inastahili. Na pale palipo na mlalamikaji aliye radhi kupatana, waiombe mahakama itumie kifungu cha 160 cha Sheria ya Mahakama za Mahakimu, kinachoruhusu upatanisho katika makosa madogo ya mtu na mtu. Aidha, kabla mshtakiwa hajajibu, na aelezwe kwa lugha aijuayo kwamba akikiri atakuwa na rekodi ya jinai.

Ombi la mwisho lahitaji Bunge, nawe una sauti huko. Katiba yetu, ibara ya 80, humzuia kugombea ubunge mtu aliyehukumiwa kwa kosa la udanganyifu katika miaka 7 iliyotangulia uchaguzi. Ikipita, mlango hufunguka. Kama miaka 7 yamtosha atakaye kutunga sheria za nchi, basi na itungwe sheria ya kumpa mlinzi na mkaanga chapati muda kama huo, au pungufu yake, kisha cheti chake kitoke kitupu.

Wako katika kuitumikia nchi,
Mkazi wa Walukuba, Jinja