Mkwe Wetu Si Mgeni

Ndugu zangu katika Kristo, tukiri kwanza: binti wa hapa Mbekenyera akiolewa na mtu wa Msumbiji, sisi wenyewe ndio tunaoanza kumsema. "Amejitakia. Amfuate mumewe kwao." Na tunasema hivyo baada ya kuishuhudia ndoa yake kanisani na kula pilau yake.

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa hiyo, wakati wowote mumewe akiwa hai. Mwanamume mgeni aliyemwoa Mtanzania hana haki hiyo. Huyo huishi kwa vibali, na akitaka uraia hushika njia ndefu ya kawaida, kana kwamba hana mke hapa. Je, mbele za Mungu ndoa hizi ni mbili?

Watasema ni mila, mke humfuata mume. Mila ya nani? Kwetu Wamwera, kama kwa Wamakonde na Wayao, ukoo ulihesabiwa kwa mama. Kijana alioa akahamia kwa wakweze, akalima nao, wala hakuitwa mvamizi. Na Musa je? Alikimbilia Midiani, akamwoa Sipora, akachunga kondoo wa Yethro baba mkwe wake. Yethro hakumwuliza ataondoka lini.

Wengine wanaogopa ndoa za hila. Hofu hiyo ina msingi, lakini hata bibi harusi aweza kudanganya. Basi wote wachunguzwe kwa kipimo kimoja. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataka ndoa idumu miaka 7 ndipo mwenzi aombe uraia, awe mke au mume. Huko Ulaya, kwa agizo la mwaka 2004, raia wa nchi moja ya Umoja wa Ulaya akienda kusoma nchi nyingine ya umoja huo ana haki ya kukaa na mwenzi wake, hata akiwa Mwafrika, mradi wana fedha za kujikimu na bima ya afya. Ndoa ya mwanafunzi yule inalindwa ugenini. Ya binti yetu hailindwi hata nyumbani kwao.

Wazee wa kanisa, mfikishieni mbunge wetu neno hili. Nasi wengine tuanze Jumapili hii: mume wa binti yetu tumwite mkwe, tumpe nafasi kwenye benchi, na tuache kumwuliza atarudi lini kwao.