Ushahidi Uliopatikana kwa Kuvunja Sheria



Wakati wa Hali ya Hatari, mfanyakazi wa shamba aitwaye Kuruma mwana wa Kaniu alikuwa akienda kwao kwa baiskeli aliposimamishwa kwenye kizuizi cha polisi. Walidai kumkuta na risasi mbili na kijisu. Adhabu ya risasi ilikuwa kifo. Kanuni za serikali ile ile ya kikoloni ziliagiza upekuzi wa namna hiyo ufanywe na ofisa asiyepungua cheo cha inspekta msaidizi. Waliompekua walikuwa wa chini ya hapo. Kijisu hakikuletwa mahakamani. Wazee wa baraza walishauri aachiliwe, hakimu akawapuuza na kumhukumu kunyongwa. Mnamo Desemba 1954 Baraza la Malkia huko London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya makoloni, lilikataa rufani. Jaji Goddard alitamka kwamba ushahidi ukiwa unahusu kesi, mahakama haina haja ya kuuliza umepatikanaje.

Basi polisi walivunja sheria, na aliyelipa ni mshtakiwa. Bendera ilibadilika 1963, kanuni ikabaki, nasi mawakili tukafundishwa hukumu hiyo darasani kana kwamba ni msahafu.

Kukiri kwa kulazimishwa kulikatazwa hata enzi hizo. Lakini dola ilipata njia ya kuukwepa ushahidi wenyewe. Katika kesi za Mwakenya, kuanzia 1986, watu waliteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, kisha wakapelekwa mahakamani, wengine baada ya saa za kazi na bila wakili, wakakubali mashtaka. Anayekubali kosa haletewi shahidi wa kuhojiwa, na hakuna anayeuliza kuhusu majeraha yake. Kifungo kilitolewa kwa dakika chache.

Mageuzi tuliyoyapigania yamezaa matunda. Mwaka 2003 Sheria ya Ushahidi ilirekebishwa ili maungamo yasikubaliwe isipokuwa yametolewa mahakamani. 2007 ikalegezwa, ofisa wa polisi wa cheo cha juu asiyekuwa mpelelezi wa kesi akaruhusiwa kuyapokea, mradi awepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshtakiwa. Kisha Katiba ya 2010, kifungu cha 50(4), ikaagiza ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki ukataliwe, ikiwa kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki au kutadhuru utoaji wa haki.

Tunalitazama neno hilo “ikiwa” kwa mashaka. Limemwachia hakimu upana mkubwa, na kivuli cha Kuruma kinaweza kupenya hapo: simu ikipekuliwa bila idhini ya mahakama, atakuja wa kusema kwamba ujumbe ni wa kweli, kwa hiyo njia si hoja. Sisi tunashikilia kwamba njia ndiyo hoja yenyewe. Askari atakayejua kwamba upekuzi haramu utamharibia kesi atatafuta hati. Asiyejua hivyo hatajisumbua.

Pingamizi lakini halijitokezi lenyewe. Ukikamatwa, dai wakili, wala usitie saini maandishi usiyoyasoma. Ukifika mbele ya hakimu mara ya kwanza, kabla ya kujibu shtaka, mweleze umepigwa wapi na nani amechukua nini, na uombe yaandikwe katika kumbukumbu za kesi.