PIKIPIKI NA POMBE HAZIPATANI



Kila mwisho wa mwezi twaona wenzetu wakitoka kilabuni usiku na kupanda pikipiki, wengine wamepakia watu wawili nyuma. Ukiwauliza wasema, "Nimekunywa kidogo tu." Lakini pikipiki haina mlango wala bodi ya kumkinga mtu. Yasimama kwa magurudumu mawili na akili ya mwenye kuiendesha. Akili ikitoka, wote huanguka.

Sheria ya Trafiki, kifungu cha 44, yasema anayeendesha amelewa aweza kutozwa faini hadi shilingi 100,000, au kutiwa jela hadi miaka 2, au yote mawili. Akiua mtu kwa kuendesha kwa hatari, jela yaweza kufika miaka 10.

Na wale wanaoendesha pikipiki ya kazi wajue hili. Sheria ya Ajira ya 2007, nayo katika kifungu cha 44, yampa mwajiri ruhusa ya kumfukuza mara moja mfanyakazi aliyelewa saa za kazi hata asiweze kuifanya kazi yake. Chama kitasimama nawe usikilizwe, maana kifungu cha 41 chatupa haki hiyo. Lakini tukifika mezani tutasema nini, nawe ulinuka pombe? Mishahara hii hatukuipigania ili ilipe faini na majeneza.

Basi ukinywa, iache pikipiki, upande matatu. Na mwenzako akilewa, mnyang'anye ufunguo. Atakasirika usiku, asubuhi atakushukuru.