Nguvu za Kiini Zisifundishwe kwa Kukaririshwa

Mwanafunzi wa sekondari huambiwa kwamba protoni, ingawa husukumana kwa umeme, hushikamana ndani ya kiini cha atomu kwa nguvu nyingine iliyo kubwa zaidi. Sentensi hiyo hukaririwa, mtihani hupita, na swali la msingi halijaulizwa: nguvu hiyo ilichunguzwaje, ilhali hakuna jicho liwezalo kuiona?

Ilichunguzwa kwa migongano. Baada ya James Chadwick kugundua neutroni mwaka 1932, wanafizikia walirusha neutroni za mwendo wa polepole kwenye hidrojeni, wakapima zinavyotawanywa na protoni. Kwa kuwa neutroni haina chaji, umeme hauvurugi hesabu. Deutroni, yaani protoni na neutroni zilizofungamana kwa nishati ya elektroni-volti milioni 2.2, iliashiria kwamba eneo la mtawanyiko lingekuwa karibu bani 4. Vipimo vikatoa karibu 20.

Eugene Wigner ndiye aliyelifumbua fumbo hilo: nguvu ile hutegemea spini. Katika deutroni spini mbili huelekea upande mmoja. Katika migongano, hali hiyo hutokea mara 3 kati ya 4. Mara 1 iliyobaki spini hupingana. Mwanafunzi na akokotoe mwenyewe: robo tatu ya 4 ni 3, zinabaki 17, nazo ni robo ya 68. Wala eneo hilo kubwa si dalili ya nguvu kubwa. Spini zinapopingana, mvuto hupungua kiasi kwamba jozi hukaribia kufungamana lakini haifungamani.

Njia hii ina mipaka yake. Wimbi la neutroni yenye elektroni-volti 10 ni refu maelfu ya mara kuliko masafa ya nguvu yenyewe. Kwa hiyo haliwezi kuonyesha umbo lake. Umbo hutafutwa kwa nishati kubwa zaidi.

Wapo watakaosema kwamba muhtasari umejaa na mtihani hauulizi mambo hayo. Hoja hiyo ina uzito, lakini hesabu iliyotajwa hapa haihitaji zaidi ya ubao, chaki na dakika kumi. Mwanafunzi aliyeambiwa tu kwamba nguvu ni kubwa amepokea habari. Aliyeona 4 ikikataa kuwa 20, akatafuta sababu, ameonja sayansi. Taifa linalotaka wanasayansi halina budi kuwalea hao wa pili.